Mlango Usiotambua Sura: Usalama wa Rekodi za Wagonjwa Zinaposomwa kwa Mbali

Mama yangu mdogo anaishi Wete, kisiwani Pemba. Kila alipopewa rufaa ya kuja Unguja katika miaka ya nyuma, alipanda boti Mkoani akiwa ameipakata bahasha ya khaki yenye picha zake za eksirei na cheti chake cha hospitali, na safari nzima hakuiweka chini wala hakumpa mtu amshikie, hata bahari ilipochafuka na abiria wenziwe wakawa wanatapika. Alipofika kwa daktari aliitoa mwenyewe, daktari akazitazama picha kwenye mwanga, akaandika, akamrejeshea. Katika mwendo wote huo hapakuwa na mtu aliyeweza kuyasoma maradhi yake bila ya yeye kuwapo na kuiona mikono inayoishika ile bahasha.

Rekodi za kielektroniki zimeondoa ulazima wa bahasha, na hilo ni jambo jema. Picha iliyopigwa Chake Chake inaweza kusomwa na mtaalamu aliyeko Mjini Unguja ilhali mgonjwa angali kitandani. Mama mjamzito aliyehama shehia halazimiki kusimulia upya historia ya uzazi wake. Na daktari wa zamu ya usiku anaweza kuomba ushauri bila ya kusubiri boti ya asubuhi. Kwa visiwa vilivyotenganishwa na bahari, kusoma rekodi kwa mbali ni sehemu ya tiba yenyewe.

Hata hivyo, kitu kimoja kimeondoka pamoja na bahasha, na wengi hawakukiona kikiondoka. Katika chumba cha mafaili, karani alimtambua daktari kwa sura, kwa sauti na kwa wodi anayoifanyia kazi, na mtu asiyejulikana akiingia na kuomba faili aliulizwa yeye ni nani na ametumwa na nani. Ulinzi huo haukuandikwa katika waraka wowote, kwa sababu ulitokana na watu kuwa mahali pamoja. Seva, yaani kompyuta kuu inayohifadhi rekodi, haina macho ya karani. Inapokea herufi na tarakimu kutoka mahali isipopaona, kisha inatakiwa iamue kama aliyezituma ni daktari au mwizi. Kwa hiyo suala zima la kulinda rekodi zinazofunguliwa kwa mbali linarudi kwenye swali moja: ni kitu gani kinachochukua nafasi ya sura? Mengine yote, hata yale yanayoelezwa kwa maneno mazito ya kitaalamu, ni matawi ya swali hilo.

Niianze njia, kwa sababu ndiyo inayozungumzwa zaidi na ndiyo yenye shida ndogo zaidi. Taarifa inapotoka kwenye kompyuta ya daktari hadi kwenye seva hupita katika vifaa vya watu wengi, na yeyote aliyekaa katikati angeweza kuinakili. Dawa yake ni usimbaji fiche, yaani kuyageuza maandishi kuwa fumbo ambalo ni pande mbili tu zenye ufunguo wa kulifumbua. Alama ya kufuli inayoonekana juu ya ukurasa wa intaneti inaashiria kwamba usimbaji huo unafanya kazi, na mfumo wowote wa hospitali unaofunguka bila ya kufuli hilo haufai kutumiwa hata siku moja. Lakini kufuli linasema jambo moja tu, kwamba njia imefungwa. Halisemi ni nani aliyeko mwisho wa njia. Ukurasa bandia uliotengenezwa na mwizi ili ufanane na ule wa hospitali unaweza nao kuwa na kufuli, na anayeandika neno lake la siri humo anamkabidhi mwizi kwa njia salama kabisa.

Mlango wenyewe ndipo penye kazi. Mwezi Februari 2024, kampuni ya Change Healthcare ya Marekani, inayoshughulikia malipo na madai ya bima ya hospitali na maduka ya dawa, ilivamiwa kwa kutumia jina na neno la siri lililoibwa. Wavamizi walipitia mlango uliowekwa kwa ajili ya wafanyakazi wanaoingia kwa mbali, na mlango huo haukudai uthibitisho mwengine wowote zaidi ya neno la siri. Waliingia tarehe 12, wakazunguka ndani kwa siku tisa, kisha wakazifunga kompyuta na kudai fidia. Kampuni ililipa dola milioni 22, na taarifa za watu wapatao milioni 190 zikahesabiwa kuwa zimeguswa. Hapakuhitajika ujuzi wa kuvunja fumbo lolote, kwa kuwa mlango ulifunguliwa kwa ufunguo wake halali ukiwa mikononi mwa asiyestahiki.

Neno la siri, kwa hivyo, haliwezi kuwa sura ya mtu. Linaibika, linakisiwa, na mtu hulitumia lile lile kwenye barua pepe, kwenye mitandao ya kijamii na kazini, kiasi kwamba likivuja kwenye mtandao mmoja limevuja kote. Zamani ilidhaniwa kwamba kulazimisha watu walibadilishe kila baada ya miezi mitatu kunasaidia. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri mwaka 2017 kwamba lazima hiyo iachwe na neno libadilishwe pale tu penye dalili kuwa limejulikana, kwa kuwa mtu anayelazimishwa huongeza tarakimu moja mwishoni na kuendelea na neno lile lile. Ni bora liwe refu, lisilotumika popote pengine, kisha lisitegemewe peke yake.

Kinachoongezwa juu yake ni uthibitisho wa pili: kitu ambacho mtu anacho mkononi. Wengi wanakifahamu kwa ule ujumbe mfupi wenye tarakimu unaoletwa kwenye simu. Njia hiyo ni bora kuliko kutokuwa na kitu, lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba namba ya simu inaweza kuhamishiwa kwenye laini nyengine na mtu aliyemdanganya wakala, na kuanzia hapo tarakimu zote zinakwenda kwake. Ya pili ni ya kawaida kabisa kwetu: kituo kinaweza kuwa na intaneti nzuri ya waya huku mtandao wa simu ndani ya kuta zake ni dhaifu, na daktari akabaki ameishika simu juu dirishani akiusubiri ujumbe ambao hauji.

Ipo njia isiyohitaji ujumbe, na inafaa kuelezwa kwa utulivu kwa sababu watu huiona kama mazingaombwe. Siku ya kujisajili, seva na simu hupeana siri moja ndefu, kwa kawaida kwa simu kuipiga picha alama ya mraba inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta. Tangu hapo hazihitaji kuwasiliana tena. Kila moja huichukua siri hiyo, ikaichanganya na saa ya wakati huo iliyokatwa katika vipande vya sekunde 30, ikapiga hesabu ambayo haiwezekani kuirudisha nyuma, na kutoa tarakimu sita. Kwa kuwa siri ni moja na saa ni moja, jawabu huwa moja, na simu huweza kulitoa hata ikiwa haina mtandao wala bando. Anayezikisia ana nafasi moja katika milioni moja kwa kila jaribio, na seva iliyotengenezwa vizuri humfungia baada ya majaribio machache. Sharti lake dogo ni kwamba saa ya simu iwe sahihi: simu iliyochelewa kwa dakika kadhaa itatoa tarakimu zisizokubaliwa, na mtu atadhani mfumo umeharibika.

Hata tarakimu hizo zinaweza kutolewa kwa hadaa, kwa sababu mtu aliyedanganywa na ukurasa bandia atauandikia ukurasa huo kila alichonacho, na mwizi atazipeleka upande wa pili kabla ya sekunde 30 kwisha. Ndiyo maana wataalamu sasa wanapendelea funguo zinazokaa ndani ya simu au ndani ya kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, ambazo hufungamana na anwani halisi ya mfumo. Ukurasa bandia ukiuomba ufunguo, kifaa hukuta anwani si ile, na hakitoi kitu. Hapa hatumtegemei tena muuguzi aliyechoka saa nane za usiku atambue herufi moja iliyobadilishwa katika anwani, na kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Nimetaja uchovu kwa makusudi. Katika kituo kimoja nilichokitembelea niliona kipande cha plasta ya hospitali kimebandikwa pembeni mwa kioo cha kompyuta, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu jina la kuingilia na neno la siri, na chini yake mtu amekata neno la zamani kwa mstari na kuandika jipya. Zamu zote zilitumia jina hilo moja. Ni rahisi kuwalaumu wauguzi, na sidhani kwamba lawama hiyo ni ya haki. Kompyuta ile ilichukua dakika kadhaa kumtoa mtu mmoja na kumwingiza mwengine, na kwenye benchi nje walikaa kina mama na watoto wao tangu alfajiri. Mfumo unaomgharimu mtumishi dakika tano kila anapoingia unamsukuma kuazima jina la mwenzake. Kadi ndogo ya kugusisha inayomwingiza mtu kwa sekunde chache ingeiondoa plasta ile bila ya waraka wa onyo. Na madhara ya jina moja kutumiwa na watu kumi ni makubwa kuliko yanavyoonekana, kwa kuwa ikitokea siri imevuja, daftari la mfumo litamtaja mtu ambaye huenda siku hiyo alikuwa mapumziko.

Kuna mifumo inayoongeza VPN, ambayo ni mfano wa ujia uliofunikwa unaomfikisha aliyeko nje hadi ndani ya mtandao wa hospitali. Ina manufaa, kwa kuwa seva ya rekodi haibaki wazi kwa dunia nzima. Lakini ujia hupitisha chochote kilichoko mwanzoni mwake. Kompyuta ya nyumbani inayochezewa michezo na watoto, yenye programu za kunakiliwa na virusi vyake, ikiunganishwa kwa VPN inaviingiza virusi hivyo wodini. Kwa hiyo chombo nacho kitambuliwe: kiwe kimesajiliwa, kimesasishwa, hifadhi yake imesimbwa, na kiweze kufutwa kwa mbali kikipotea. Wahudumu wa afya wa jamii wa mpango wa Jamii ni Afya hutembelea kaya wakiwa na simu zenye taarifa za wajawazito na watoto wachanga. Simu ya kazi ya aina hiyo ikisahauliwa kwenye daladala, kinachosimama baina ya taarifa hizo na aliyeiokota ni namba ya kufungulia kioo pamoja na usimbaji wa hifadhi yake. Namba ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000 tu, na mwaka wa kuzaliwa ndio wa kwanza kujaribiwa.

Baada ya mtu kutambuliwa, linakuja suala la kiasi cha kile anachoruhusiwa kukiona, na hapa mazingira ya visiwa vyetu yana uzito wake. Maelezo mengi ya usalama humfikiria mvamizi wa mbali asiyemjua mgonjwa. Kwetu, mwenye uwezo wa kudhuru aghalabu anamjua mgonjwa vizuri sana: ni jirani, ni wifi, ni mtu aliyeleta posa. Katika shehia ambayo familia zinajuana kwa vizazi, habari ya kipimo cha Virusi vya Ukimwi, ya mimba iliyoharibika au ya maradhi ya akili haihitaji kufika kwenye mtandao wa kimataifa ili ivunje ndoa. Inatosha ivuke barabara moja. Stara ya mgonjwa ni haki tunayoilea tangu utotoni. Singapore ilijifunza hilo kwa uchungu mwaka 2019, ilipobainika kwamba taarifa za watu 14,200 wenye Virusi vya Ukimwi zimewekwa hadharani. Chanzo hakikuwa mvunjaji wa mitambo. Sajili hiyo ilivuja kupitia mtu wa karibu wa daktari ambaye alikuwa na ruhusa halali ya kuifungua.

Kwa hivyo ruhusa igawiwe kwa kazi. Karani wa malipo aone bili, asione jibu la maabara. Mfamasia aone dawa na mzio, asisome mazungumzo ya mgonjwa na mshauri nasaha. Daktari wa Unguja aliyeombwa ushauri juu ya mgonjwa mmoja wa Pemba afunguliwe rekodi ya huyo mmoja kwa muda wa ushauri, badala ya kupewa wodi nzima. Ugumu huja penye dharura, ambapo aliyeletwa hana fahamu na daktari wa zamu hana ruhusa ya kumsoma. Mifumo mizuri haimzuii. Humwonya, humtaka aandike sababu, humfungulia, na hupeleka taarifa papo hapo kwa msimamizi. Uhai unatangulizwa, na kuhojiwa kunafuata.

Kinachounga mkono haya yote ni daftari la waliofungua: kila rekodi inapoguswa, mfumo uandike nani, lini, kutoka chombo gani na ameona ukurasa upi, na daftari hilo likae kwenye seva tofauti ambayo hata fundi wa mfumo hawezi kuifuta peke yake. Safari ya mwisho mama yangu mdogo alipokuja Unguja hakubeba bahasha, na alimuuliza daktari ni nani wengine walioziona picha zake. Daktari alimjibu kwa upole kwamba hajui, na kwamba hapana mahali pa kutazama. Nchini Estonia, ambako mfumo wa taifa wa taarifa za afya ulianza kazi mwaka 2008, mgonjwa huingia mwenyewe kwenye ukurasa wake na kuyasoma majina ya waliofungua rekodi yake. Jambo hilo kiufundi si zito. Linalotakiwa ni kila mtumishi awe na jina lake mwenyewe, ambalo plasta ya kwenye kioo inalifanya lisiwezekane, na awepo mtu aliyepewa kazi ya kulisoma daftari kila wiki, akitafuta wasiokuwa na sababu: muuguzi wa wodi ya watoto aliyefungua faili la mtu mzima, au mtumishi aliyesoma rekodi ya mtu wanayechangia ubini.

Mgonjwa naye anapopewa mlango wake mwenyewe, huzuka tatizo ambalo miongozo ya nchi nyengine hailigusi vya kutosha. Miongozo hiyo huchukulia kwamba simu ni ya mtu mmoja. Kwetu simu ya bibi inashikwa na mjukuu, na namba iliyoandikwa kwenye cheti cha mke mara nyingi ni ya mume. Tarakimu za kuthibitisha zitakwenda kwa huyo mwengine, na ujumbe unaotaja jina la kipimo utasomwa na huyo mwengine. Usajili ufanyike ana kwa ana kituoni, kwa Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, mbele ya mtumishi anayeitazama sura iliyoko mbele yake na kuuliza faraghani: simu hii ni yako peke yako? Sura irudi walau mara hiyo moja, mwanzoni, kwa kuwa kila uthibitisho utakaofuata umeegemea pale. Ujumbe useme tu kwamba kuna taarifa mpya. Na njia ya kumrudisha aliyesahau neno la siri isiwe maswali ya jina la mama au skuli aliyosoma, kwa sababu shehia nzima inayajua majibu yake.

Ipo pia njia ya panya ambayo kila mtu anaijua. Daktari huipiga picha eksirei kwa simu yake na kuituma WhatsApp kwenye kundi la madaktari, jina la mgonjwa likionekana kwenye pembe ya picha. Mazungumzo yenyewe yamesimbwa, lakini picha hubaki kwenye simu ya kila mwanakundi, pamoja na picha za harusi, na huenda ikapanda yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni ya mtu binafsi. Nimewasikia wakisema kwamba hufanya hivyo kwa sababu ndiyo njia inayomfikia mtaalamu haraka, na ninawaamini. Katazo lisiloambatana na njia rasmi iliyo nyepesi kama hiyo litavunjwa usiku wa kwanza wenye mgonjwa mahututi, na litastahiki kuvunjwa.

Usalama ni pamoja na rekodi kupatikana inapohitajika. Waliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanakumbuka miezi mitatu bila ya umeme wa gridi, na mwezi Mei 2024 mikongo ya baharini ilipokatika, intaneti ya Tanzania ilizorota kwa siku kadhaa. Kituo kinachotegemea seva ya mbali kiwe na nakala ndogo ya kusoma tu, iliyosimbwa, yenye mzio, kundi la damu na dawa za wagonjwa wake, na fomu za karatasi zikae kabatini. Nakala kamili za akiba ziwekwe mahali pasipounganishwa na mfumo, na zijaribiwe kurejeshwa kabla ya siku ya shida.

Kwa upande wa sheria nitasema machache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo bila ya idhini. Afya, hata hivyo, si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Wizara yake ya Afya. Kwa hiyo kanuni za nani anafungua rekodi, na nani anawajibika ikivuja, zinahitaji kuandikwa hapa hapa.

Hadi hapo, kuna kazi isiyohitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Mtumishi anapohamishwa, anapostaafu au anapokwenda masomoni, barua yake hufika utumishi siku hiyo hiyo, lakini jina lake kwenye mfumo huweza kubaki hai kwa miaka, bila ya mtu wa kugundua kwamba limeanza kutumiwa tena. Orodha mbili, ya waliomo kwenye mfumo na ya wanaolipwa mshahara, zikiwekwa ubavu kwa ubavu mwisho wa kila mwezi, na kila jina lililoko kwenye ya kwanza bila ya kuwamo kwenye ya pili likafungwa siku hiyo, kazi yote itamalizika kabla ya adhuhuri.